Zimwi Lililokaa Kooni

Mwanamke yuko jikoni, anakata kuku. Ni mke wa mchungaji, nyumba ni mpya, mji ni Louisville katika jimbo la Kentucky, na mwaka ni 1974. Kisu kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, mara kinamwacha kuku na kuanza kumkata mwenyewe mkono. Hakuna kitu kilichoingia mlangoni. Hakuna kivuli kilichopita ukutani, hakuna kucha, hakuna mbawa. Kuna kisu, kuku na uso wa mwigizaji Carol Speed. Ukimwuliza mhasibu, zimwi la tukio hilo limegharimu bei ya kuku.

Filamu inaitwa Abby, na aliyeiongoza, William Girdler, alikuwa kijana wa palepale Louisville, mzaliwa wa 1947. Kati ya 1972 na 1978 alikamilisha filamu tisa, nyingi zikiwa za kutisha, na nyingi kwa fedha za kuungaunga. Wapenzi wa mazimwi ya bei chee wanazitafuta mpaka leo. Ukiwauliza wanapenda nini, watakwambia zinachekesha, au zinawarudisha utotoni, au ni mbovu mpaka ubovu umegeuka utamu. Majibu hayo huwa hayaniingii akilini. Kitu kinachochekesha tu hukichoki baada ya miaka hamsini? Naona sababu imo katika ufundi. Mwenye fedha kidogo hulazimika kuamua zimwi lake likae wapi, na mahali pa bei nafuu kuliko pote ni kooni mwa mtu. Huko ndiko mtazamaji anakoliogopa zaidi.

Kisa chenyewe hakina mikunjo mingi. Askofu Garnet Williams, anayechezwa na William Marshall, yuko Nigeria, na huko pangoni anafungua kijisanduku chenye michoro kinachohusishwa na Eshu, mungu wa Wayoruba. Upepo unavuma kwa nguvu, watu wanaangushwa huku na huku, na kitu kinatoka. Kitu hicho kinavuka bahari na kumpata mkwe wa askofu, Abby, aliyehamia nyumba mpya na mumewe, Mchungaji Emmett. Kuanzia hapo binti wa kanisa, mshauri wa wanandoa, anaanza kusema maneno ambayo waumini hawajawahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mwanamke aliyevaa vizuri.

Hebu tutazame sauti hiyo ilivyotengenezwa. Mbele ya kamera Carol Speed alitoa mwili: macho, mabega, shingo, kicheko. Sauti ya pepo ilitolewa na mwanamume, Bob Holt, ikabandikwa juu ya picha baadaye. Kazi hiyo inataka chumba kimoja kisicho na kelele, maikrofoni, mashine ya kurekodi na mtu mwenye koo pana. Haihitaji mpira wa kufinyanga, nyaya wala saa tano za kupaka vipodozi. Na ina faida moja ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Katika filamu ya kawaida, sauti iliyobandikwa ikipishana na midomo hata kidogo, mtazamaji ananong'ona kuwa kazi imelipuliwa. Hapa ikipishana, mambo yananoga. Midomo ni ya Abby, maneno si yake, na ule mwanya mdogo kati ya mdomo na neno ndio ushahidi kwamba ndani mna mtu mwingine. Kosa la fundi limekuwa dalili ya ugonjwa. Sijui mbinu nyingine ya sinema inayomsamehe maskini kiasi hicho.

Girdler hakuivumbua. Mwishoni mwa Desemba 1973, The Exorcist ilikuwa imetoka kwa gharama iliyopita dola milioni 10, na humo mtoto Linda Blair alibandikwa sauti ya mwigizaji mkongwe Mercedes McCambridge. Lakini filamu ile ilikuwa pia na vipodozi vya Dick Smith, kitanda kinachotikisika, chumba kilichogandishwa kwa mitambo mpaka pumzi za waigizaji zikaonekana. Girdler alikaa akatazama mlo huo wa kitajiri akajiuliza sahani ipi anaimudu. Aliimudu sauti. Akachukua pia ile mbinu ya kuurusha uso wa pepo kwa nukta moja, katikati ya picha nyingine, kisha kuuondoa. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Ukiweka picha tatu za uso mbaya, jicho limeziona lakini halikupata nafasi ya kukagua gundi ya nyusi. Uso huohuo ukikaa sekunde tano unakuwa mtu aliyepakwa rangi. Mafundi wa bei chee wanaijua hesabu hiyo kwa moyo.

Kitu ambacho ni chake hasa ni umri wa mhanga. Katika filamu ya kitajiri pepo amemkalia mtoto, na ili tuogope lazima mtoto aharibiwe uso. Abby ni mtu mzima, ana mume, ana heshima ya kanisa. Kumwaibisha hakuhitaji mtambo. Kunahitaji sentensi moja chafu mbele ya wageni. Girdler alitambua kwamba fedheha haina gharama, na kwamba mama anayemsikia binti yake akitukana kwa sauti ya mwanamume ni picha inayotisha hata taa zikiwa zote zinawaka. Mama huyo anachezwa na Juanita Moore, aliyewahi kupendekezwa kuwania tuzo ya Oscar kwa Imitation of Life ya 1959. Kamera inapomwelekea, si lazima tena imtazame pepo. Uso wa Moore unatosha kutueleza.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshaanza kutabasamu. Aliyewahi kuhudhuria ngoma ya pepo, iwe Tanga, Mombasa au Ng'ambo ya Unguja, anajua kwamba pepo akipanda haji na kinyago. Huja na sauti. Yule aliyepandwa huitwa kiti, na neno hilo ni ufafanuzi mzuri wa kazi ya Carol Speed kuliko lolote nililolisoma kuhusu uigizaji: kiti hakisemi, hukaliwa. Pepo ana kabila lake, lugha yake, na mahitaji yake. Kibuki huomba brandi, mwingine huomba marashi na udi. Mganga humhoji: u nani wewe, umetoka wapi, unataka nini? Mahojiano hayo ndiyo kilele. Hakuna anayesubiri kuona pembe. Watu wamekaa kimya wakisikiliza kama mama Fulani, jirani yao wa miaka yote, ataongea Kibuki.

Abby nayo humalizikia kwenye mahojiano. Pambano la mwisho linafanyika kwenye baa, mahali pa bei nafuu pa kupiga picha kuliko kujenga hekalu, na askofu anamkabili pepo juu ya jina lake. Hoja ya askofu ni kwamba pepo huyu ni mwongo, si Eshu hata kidogo, ni kijipepo kilichojivika jina kubwa. Marshall alikuwa msomi wa jukwaani, Othello wa kusifika, na miaka miwili kabla, katika Blacula, ndiye aliyemfanya mnyonya damu yule awe mwana wa mfalme wa Kiafrika mwenye jina na asili. Nadhani mkono wake unaonekana hapa. Eshu wa Wayoruba ni mjumbe wa njia panda, mwenye hila, mfungua milango. Aligeuzwa Shetani pale tafsiri ya Biblia ya Kiyoruba, kazi iliyoongozwa na Samuel Ajayi Crowther katika karne ya 19, ilipohitaji neno la Ibilisi ikamchukua yeye. Sisi tuliponea kwa kuwa Kiarabu kilikuwa kimeshatuletea Ibilisi na Shetani wao, tukawaacha wazee wetu wa mizimu wabaki na majina yao. Basi filamu ya kuiga, iliyotengenezwa harakaharaka Kentucky, inafanya dakika za mwisho marekebisho ambayo wamisionari hawakuyafanya. Haikufanya vizuri, maana saa nzima kabla ya hapo ilikuwa imekula jina la Eshu kwa pupa. Lakini imefanya.

Ili tuone Girdler alivyojifunza, turudi nyuma miaka miwili. Filamu yake ya kwanza, Asylum of Satan, ni somo la jinsi ya kukosea. Mle ndani kuna nyoka, wadudu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwishoni Shetani mwenyewe anajitokeza. Anasimama kwenye mwanga, mzima mzima, kamera inamtazama, sisi tunamtazama, na kila mmoja wetu anaona mshono. Kicheko kinachotoka hapo si cha upendo. Anayeiokoa filamu ile ni Charles Kissinger, mwigizaji wa Louisville aliyemcheza daktari mwovu na pia, akiwa na nguo za kike, mwanamke anayeitwa Martine. Mshahara mmoja, majukumu mawili. Kissinger huyohuyo ndiye aliyekuwa The Fearmonger, mwenyeji wa kipindi cha Fright Night kwenye stesheni ya WDRB, usiku wa manane, akiwatambulishia watu wa mji wake filamu za kutisha.

Wenyeji wa namna hiyo wanastahili tukae nao kidogo. Mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems iliziuzia stesheni za televisheni za Marekani fungu la filamu 52 za zamani za Universal, akina Frankenstein na Dracula, kwa jina la Shock. Stesheni ndogo hazikuwa na fedha za kuzipamba, zikachukua mtangazaji wa hali ya hewa au mwigizaji wa jirani, zikampa joho na jeneza, zikamwambia aongee kati ya matangazo. Kila mji ukapata wake. Columbus, Ohio, ulimpata Fritz Peerenboom, Fritz the Nite Owl, mwenye miwani ya umbo la bundi, aliyeendesha Nite Owl Theatre kuanzia 1974 hadi 1991. Watoto wa upande wa mashariki wa mji ule, wakazi wa Bexley wenye sinema yao ya Drexel na wale wa mitaa inayoizunguka Bexley, walikua wakijua kwamba zimwi lina mtu wa kulitambulisha, mtu wa kwao, anayelitania kabla halijatokea na kulisimanga likishatoka.

Kwetu kazi hiyo aliifanya Lufufu. Ukiingia kibanda umiza cha Dar es Salaam enzi zile, mabenchi yamejaa, televisheni moja iko juu ya kabati, na sauti ya filamu imefunikwa na sauti ya mtu mmoja anayetafsiri, anayewasemea wanaume, wanawake na majitu, na anayeongeza ya kwake. Nairobi ina DJ Afro, Kampala ina VJ Jingo. Mazimwi ya Hong Kong na ya Hollywood tuliyafahamu kwa koo hizo. Wataalamu wa sinema wangesema filamu imeharibiwa. Mimi nasema ni mbinu ileile ya Bob Holt: picha ya mtu mmoja, sauti ya mwingine, na mwanya katikati unaomfanya msikilizaji asogee mbele kwenye benchi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hakuna zimwi linalokujua kama lile linalokuita kwa Kiswahili cha Manzese.

Ndiyo maana pia mkono wa mwongozaji Mussa Banzi haukunishangaza. Katika miaka ya 2000 filamu zake, Nsyuka na Shumileta, zilijaza maduka ya kanda za Dar kwa wafu wanaoamka na jini wa kike. Vifaa vilikuwa kamera ya video na poda nyeupe. Ukizitazama leo kwa jicho la picha unaweza kuzimaliza kwa nusu saa ya dhihaka. Fumba macho, usikilize tu, na utaelewa kwa nini watu walikataa kwenda chooni peke yao.

Sasa kuna zimwi ambalo halina koo la kubandika maneno, nalo ni mnyama. Mwaka 1975 Jaws ilivuna mamilioni, na mwaka uliofuata Girdler akatoka na Grizzly, dubu badala ya papa, msitu badala ya bahari, iliyopigwa picha Clayton, Georgia. Iligharimu takriban dola 750,000 na kuingiza takriban milioni 39 duniani kote. Dubu alikuwa wa kweli, Teddy, mwenye kimo cha futi 11 akisimama. Shida ya kwanza ilikuwa kumzuia asile wafanyakazi. Dubu aliyezoea uzio wa umeme anaujua kwa macho na kwa masikio, kwa hiyo wakatandaza kamba ya kijani kuzunguka eneo la kazi, wakaweka saa ya jikoni inayogonga tik, tik, tik. Teddy akaona waya, akasikia umeme, akatulia. Hicho ndicho kilichosimama kati ya dubu yule na mpigapicha: kamba na saa ya kupimia mayai.

Shida ya pili ilikuwa kwamba Teddy hakunguruma. Ni mnyama mpole, na hakuna aliyemweleza kisa cha filamu. Wakamrushia mdomoni peremende nyeupe zile laini kama pamba, moja, ya pili, ya tatu, kisha wakaishika nyingine mbele ya pua yake bila kuirusha. Akajinyoosha, akapanua kinywa, akaonyesha meno, akingoja. Ngurumo ikatiwa baadaye. Kwa hiyo yale makelele yaliyowatoa watu jasho ni picha ya dubu anayeomba pipi. Tumerudi palepale: kinywa cha mmoja, sauti ya mwingine.

Kabla dubu hajaonekana, Girdler anaitumia kamera kama jicho lake. Inapenya kati ya majani, juu kidogo ya kimo cha binadamu, huku pumzi nzito zikisikika, na mara kucha zinafyeka. Kutembeza kamera begani ni karibu bure. Lazima niseme pia pale inapoanguka: Teddy anapojitokeza mzima mchana kweupe, ni dubu mnene mwenye afya anayetembea bila haraka, na wale walinzi wa msitu wanaotimua mbio wanaonekana wamezidisha. Zile dakika za pumzi na majani ndizo zilizojaza kumbi. Fedha zenyewe hazikufika Louisville kwa urahisi. Msambazaji, Edward Montoro wa Film Ventures, alizikalia, Girdler na waandishi wa filamu wakaenda mahakamani. Mwaka 1984 Montoro alitoweka na dola milioni moja za kampuni yake, na hakuonekana tena. Zimwi la filamu ile pengine lilikuwa ofisini.

Buffalo, New York, inaonyesha njia nyingine kabisa, na ni haki kuitaja ili msomaji asidhani kuficha ndiyo dawa pekee. Mwongozaji Gregory Lamberson alianza na Slime City ya 1988, kisa cha mpangaji anayelishwa mtindi wa ajabu na kuanza kuyeyuka kuwa ute, kisha mwaka 2010 akaitengenezea mwendelezo, Slime City Massacre, Buffalo. Huyu hafichi kitu. Anaonyesha mlenda mtupu, wa kila rangi, ukitiririka usoni, kifuani, sakafuni. Na unafanya kazi, kwa sababu ya kifizikia kabisa: ute haukai tuli. Kinyago cha mpira hufichuka kwa kuwa hakibadiliki mtu anapopumua, lakini ute huteleza, hung'aa, hudondoka wenyewe, hata mwigizaji akisahau kuigiza. Mwenye bei chee anayetaka kuonyesha na aonyeshe kitu kibichi.

Abby ilipata mkasa wake. Iliingiza dola zipatazo milioni 4 kwa muda mfupi, Warner Bros. wakashtaki kwamba ni The Exorcist iliyobadilishwa sura, na American International Pictures wakaiondoa kwenye kumbi. Kwa miaka mingi iliishi kwa nakala za mkanda wa milimita 16, rangi zimefifia kuelekea wekundu, mikwaruzo inapita usoni mwa Carol Speed kama mvua. Picha ilichakaa. Sauti ya Holt ilibaki nzima.

Girdler mwenyewe alifika kwenye fedha nzuri mara moja tu, The Manitou, akiwa na Tony Curtis na mganga wa miaka 400 anayeota kama uvimbe shingoni mwa mwanamke. Mwishoni chumba cha hospitali kinageuka anga lenye nyota na miale. Ni wazimu wa kupendeza, lakini baada ya kutazama nyota zote hizo nakumbuka zaidi ule uvimbe, ngozi tu inayocheza kidogo chini ya kidole cha daktari. Hakuiona ikitoka. Januari 1978 alikufa Ufilipino katika ajali ya helikopta akitafuta mandhari ya filamu iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 30.

Bob Holt aliendelea na kazi yake. Mwaka 1975, Abby ikiwa imekwisha kuondolewa kwenye kumbi, koo lilelile liliajiriwa na Hanna-Barbera, na kila Jumamosi asubuhi watoto wa Marekani walikaa mbele ya televisheni na bakuli za maziwa wakimsikiliza Holt akiwa Grape Ape, sokwe wa rangi ya zambarau mwenye kimo cha futi 40, anayerudia jina lake mara mbili kila anapomaliza sentensi.